Kuondoa Ukoko Sugu wa Baruti katika Mtutu wa Gobori

Mabibi na mabwana,

Wenye magobori hulalamika kwamba mtutu umesuguliwa kwa mafuta hadi mkono ukachoka, vitambaa bado vinatoka vyeusi, na kesho yake ndani kumeshaota kutu. Aliyesugua hivyo hakukosa bidii. Alichokosea ni kutanguliza mafuta mahali ambapo maji yalistahili kutangulia, na hoja hiyo ndiyo nitakayoieleza leo.

Baruti nyeusi huchanganywa kwa kawaida kwa asilimia 75 ya shura (chumvi ya nitreti ya potasiamu), asilimia 15 ya makaa na asilimia 10 ya salfa. Inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kama vitu vigumu, vingi vikiwa chumvi za potasiamu: kaboneti, salfeti na salfaidi. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu hujibandika ndani ya mtutu. Chumvi hizi huyeyuka katika maji, wala haziyeyuki katika mafuta. Tena baadhi yake hufyonza unyevu wa hewa na kuushikiza kwenye chuma. Kwa hiyo anayepaka mafuta ya mashine juu ya ukoko huo huzifunika chumvi zikiendelea kukila chuma chini kwa chini, na mafuta yenyewe yakichanganyika na masizi huwa utando mweusi wa kunata ambao ni mgumu kuuondoa kuliko ukoko wa awali.

Watu wa zamani waliujua vizuri usumbufu huu. Bunduki za askari wa Uingereza wa karne ya 18 zilikuwa na mtutu laini wa upana wa takriban milimita 19, ilhali risasi yake ilikuwa ya takriban milimita 17.5, na nafasi hiyo iliachwa kusudi ili risasi ipite hata mtutu ukishachafuka. Bunduki yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu haikuwa na nafasi hiyo, kwa sababu risasi ilibidi ibane, na kila mlio ulifanya kuishindilia inayofuata kuwe kazi nzito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi nyembamba kuliko mtutu, yenye shimo kitakoni, iliyotanuka na kubana mifereji baruti ilipolipuka.

Kabla ya kusafisha, hakikisha gobori halina kitu ndani. Ondoa fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti), elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi ukomee, utie alama usawa wa mdomo, kisha uulaze kwa nje uone kama umefika karibu na tundu la moto, yaani kitundu cha nyuma kinachopitisha moto hadi kwenye baruti. Ukipungua, huenda kuna risasi na baruti. Kazi isimame hapo, na gobori lipelekwe kwa fundi wa bunduki.

Kama mtutu wa gobori lako umeundwa kutolewa kwenye mti wake, utoe, utumbukize upande wa nyuma katika ndoo ya maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha upandishe na kushusha mdeki uliovikwa kitambaa, ili maji yavutwe na kusukumwa kupitia tundu la moto. Maji yatatoka meusi, yakinuka mayai yaliyooza; ndiyo salfaidi hiyo, na harufu yake ni dalili kwamba unachokifuata kinatoka. Wapo wanaoshikilia maji ya kuchemka, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa chuma kilichopata joto hukauka chenyewe. Lakini chuma hicho hicho huweza kuota utando wa kutu ya rangi ya chungwa kwa dakika chache tu, na ndiyo maana mimi ninachagua ya vuguvugu.

Ukoko ulio sugu kweli hukaa chini, pale baruti ilipokutana na risasi. Utautambua kwa mkono: mdeki unateleza vizuri, ghafla unakwama, kisha unaachia. Usiukwangue kwa chuma kikali, maana mkwaruzo mmoja utakuwa makao ya uchafu siku zote. Ziba tundu la moto kwa kijiti, jaza mtutu maji ya sabuni, uyaache robo saa, uyamwage, ndipo upitishe brashi ya shaba yenye upana wa mtutu. Brashi ikinasa chini, usiivute kwa nguvu. Zungusha mdeki kuelekea upande wa kukaza huku ukivuta, kwa sababu ukizungusha upande wa kulegeza brashi itafunguka na kubaki ndani.

Maji yakitoka safi na bado kuna uchafu, tambua kwamba huo si wa baruti. Mistari ya kijivu inayong'aa kwenye mifereji ni madini ya risasi, na inahitaji dawa yake pamoja na brashi. Vifuko vya plastiki vya risasi za kisasa navyo huacha utando unaohitaji dawa ya kuyeyusha plastiki. Baruti mbadala zenye pakloreti (chumvi yenye klorini) huacha kloridi ya potasiamu, ambayo huleta kutu hata pale harufu ya salfa isiposikika, kwa hiyo nazo zinadai maji.

Kausha kwa vitambaa hadi kimoja kitoke kikavu kabisa, usisahau tundu la moto na hesi za kizibo cha nyuma kama kinafunguka, ndipo sasa upake mafuta, tena membamba. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuanzia kwenye maji. Na siku ya kulenga shabaha, yafute mafuta hayo yote kabla ya kutia baruti, kwa sababu yakibaki huilowesha isiwake, na yakikutana na masizi mapya huanzisha upya utando ule wa kunata.