Sheffield walivyorudi kwenye chuma

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kujaa hivi, naona wale wa nyuma wamesimama, huku mbele kuna viti vimebaki njooni mkae tu msiogope. Nimeombwa niongelee viwanda vya teknolojia ya juu na namna vinavyoinua uchumi wa mkoa ulioanguka, sasa badala ya kuzunguka dunia nzima nitakaa sehemu moja, Sheffield na jirani yake Rotherham, kule South Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nimeichagua kwa sababu pale unaona yote, kupanda, kuanguka, kukaa chini miaka mingi, halafu kunyanyuka, na hiyo kazi ya kunyanyuka bado inaendelea mpaka leo.

Wazee mliopo hapa mtakumbuka visu na uma za mezani zenye mhuri wa Sheffield. Mji ule umekula kwa chuma karne na karne. Miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alikuwa pale anatafuta namna ya kuyeyusha feleji, yaani chuma kigumu, kwenye vyungu kikatoka safi kuliko cha wengine, na mwaka 1913 Harry Brearley akapata chuma kisichoshika kutu, hicho hicho ambacho leo ni sinki la jikoni kwako na mkasi wa daktari. Ukipita bonde la mto Don enzi zile ni tanuru na nyundo za mvuke mwanzo mwisho, baba anafanya kazi humo, mtoto anaingia na miaka 15 anaanza kufagia karakana, anapanda taratibu mpaka anapewa mashine ya kukereza.

Halafu likaja anguko. Chuma cha bei nafuu kutoka nchi nyingine, viwanda vyenyewe vimechakaa, serikali imeamua anayeshindwa afunge, na mwaka 1980 wafanyakazi wa chuma nchi nzima wakagoma kuanzia Januari mpaka mwanzoni mwa Aprili. Mgomo ukaisha, milango ikaendelea kufungwa. Kiwanda cha Hadfields kilikuwa maarufu mno, kilivunjwa, na mwaka 1990 kwenye ardhi ile likafunguliwa jumba kubwa la maduka linaitwa Meadowhall. Na huko upande wa makaa ya mawe hali ilikuwa mbaya vile vile. Pale Orgreave palikuwa na kiwanda cha kuchoma makaa kuyafanya koki ya kuyeyushia chuma, na tarehe 18 Juni 1984, katikati ya mgomo wa wachimba migodi, maelfu ya wagomaji na maelfu ya polisi wakakutana nje ya kiwanda kile, watu wakapigwa, farasi wakaingizwa kwenye umati, wachimbaji 95 wakafunguliwa mashtaka na kesi ikaja kuporomoka mahakamani. Kidonda kile hakijapona, mwaka 2025 ndo serikali ikatangaza uchunguzi rasmi. Naomba mlishike hilo jina Orgreave maana tutarudi pale pale.

Ilifika mahali, mkoa uliokuwa unaipa dunia chuma ukaingizwa kwenye orodha ya maeneo maskini ya Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 South Yorkshire ilikuwa inapokea ile misaada wanayopewa mikoa ambayo pato lake kwa kila kichwa liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Ulaya. Uingereza hiyo hiyo! Vijana mnapoambiwa nchi tajiri mjue ndani yake kuna mikoa iliyoachwa nyuma kabisa.

Sasa hapa ndo kuna swali lenyewe. Mkoa ukianguka hivyo ushauri unaokuja haraka ni huu, chuma kimeshapitwa, jengeni maduka, leteni vituo vya kupokea simu, leteni watalii. Na kweli maduka yaliajiri watu, silipingi hilo. Lakini mtu aliyekaa miaka 30 anakereza shafti kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita, ukimpeleka akapange viatu dukani, ule ujuzi wote unakufa naye, na ujuzi wa namna ile huwezi kuununua mahali popote ukishapotea. Mimi naamini kabisa kilichoiokoa Sheffield ni kwamba kuna watu wachache waliokataa kuuacha ufe.

Wawili kati yao ni Profesa Keith Ridgway wa Chuo Kikuu cha Sheffield na mfanyabiashara wa pale pale anaitwa Adrian Allen. Walishaona kwamba kampuni za mkoa zinazotengeneza visu vya mashine bado zina watu wanaojua kukata metali ngumu, na Boeing kule Marekani, wale watengeneza ndege, wanaumiza kichwa na kukata titani, metali nyepesi lakini ngumu, kwa hiyo mwaka 2001 wakaanzisha na Boeing kituo cha utafiti kinachoitwa AMRC, mradi wa pauni milioni 15 hivi, chuo kikuu, kampuni, fedha za mkoa na fedha za Ulaya zote ndani ya chungu kimoja. Na kituo chenyewe kikajengwa wapi? Kwenye ile ardhi ya Orgreave. Pale walipopigana 1984, makaa yaliyobaki chini yalifukuliwa kwanza, shimo likafukiwa, ndo zikaota karakana na nyumba za kuishi watu.

Niwaonyeshe kidogo kazi yenyewe ilivyo maana nikisema utafiti mtadhani ni makaratasi. Kila fundi hapa aliyewahi kusimama kwenye mashine, awe wa Gerezani Dar awe wa Kamukunji Nairobi, anajua ile mashine inapoanza kupiga kelele, kisu kinalia, kinatetemeka, uso wa chuma unatoka na mawimbi mawimbi, na unachofanya ni kupunguza spidi au kupunguza kina, kazi inachelewa. Sasa kinachotokea pale ni kwamba jino la kwanza la kisu likipita linaacha kiwimbi kidogo, jino la pili linakuja kukata juu ya kile kiwimbi, kama halikupatana nacho linakutana na chuma kinene mara chembamba mara kinene, basi nguvu inapanda na kushuka, mtetemo unakua, jino la tatu linakuta hali mbaya zaidi. Lakini yale mawimbi ukiyafanya yapatane, yaani jino linalofuata likapanda wimbi likashuka nalo sawasawa, unene wa kinachokatwa unakuwa ule ule na mashine inanyamaza. Kwa hiyo kuna wakati dawa ya kelele ni KUONGEZA spidi. Unajuaje spidi gani? Unafunga kisu kwenye mashine, unabandika kidude kidogo cha kupima mtetemo kwenye ncha, unaigonga ncha kwa nyundo ndogo yenye kipimo ndani, kompyuta inasoma kisu kinatikisika vipi, inakuchorea ramani kwamba kwenye mizunguko hii kwa dakika kata kina hiki, kwenye ile usithubutu. Kazi ya kugonga ni ya muda mfupi sana, na kwenye alumini inaweza kukuruhusu ukate kina kikubwa kuliko ulivyokuwa unathubutu, kwa mashine ile ile, umeme ule ule.

Titani ni kesi nyingine. Titani haipitishi joto vizuri, joto lote linabaki kwenye ncha ya kisu, ukiongeza spidi kisu kinaungua, kwa hiyo huko wanacheza na vitu vingine, maji ya kupozea yanayopigwa kwa presha kubwa mpaka kwenye ncha, visu ambavyo nafasi kati ya meno hazilingani ili mtetemo usipate mdundo wa kuushika. Mambo madogo madogo hivi, lakini ndege ya kisasa ina vipande vingi vya titani na kila dakika unayookoa kwenye kipande kimoja ni hela.

Na ule utaratibu wao wa kushirikiana ni mzuri sana, naomba viongozi mliopo hapa mnisikilize. Kampuni inalipa ada ya uanachama, kubwa inalipa kubwa, ndogo inalipa ndogo, na kinachogunduliwa kwenye miradi ya pamoja kinakuwa cha wanachama wote. Ukiwa na siri yako unaleta mradi wako peke yako unaulipia. Watengenezaji wa mashine wanaleta mashine zao mpya pale kwa sababu wateja wote wanapita pale, kwa hiyo karakana ndogo ya mtaani yenye mafundi kumi inaweza kusimama mbele ya mashine ambayo isingeinunua hata ikikopa miaka 20, na akasimama nayo injinia anayejua kuitumia. Yule mdogo anarudi kwake na programu iliyopimwa tayari. Bila hicho kituo yule mdogo angeishia kusema hii kazi siiwezi, na tenda ingekwenda nchi nyingine.

Kampuni kubwa zikaanza kuja kukaa jirani. Rolls-Royce wakajenga pale kiwanda cha kumimina mapanga ya turbini za injini za ndege, uwekezaji wa pauni milioni 110, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 2010 kikiwa na uwezo wa kutoa mapanga zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Panga lile linakaa ndani ya gesi yenye joto kali kuliko kiwango cha kuyeyuka cha ile aloi ya nikeli, yaani mchanganyiko wa metali, lililotengenezwa nayo, haliyeyuki kwa sababu ndani lina vijia vyembamba vya kupitisha hewa ya kupoza, na panga zima ni fuwele moja tu halina maungio ndani. Wanatengeneza umbo la nta, wanalivika kauri tabaka kwa tabaka, nta inayeyushwa inatoka, wanamimina aloi ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote, halafu wanaiteremsha taratibu mno kutoka kwenye tanuru ikipita kwenye kishingo kilichojipinda, fuwele zinasongamana pale zinashindana ni moja tu inayopenya, hiyo ndo inakua ikawa panga zima. Waangalieni Huntsman na vyungu vyake miaka ya 1740 na hawa, ni kazi ile ile ya kuyeyusha na kusafisha, imepanda daraja.

Boeing nao, baada ya miaka 17 ya kufanya utafiti pale, mwaka 2018 wakafungua kiwanda chao cha pauni milioni 40, cha kwanza cha uzalishaji kwao Ulaya nzima, kinatengeneza vipande vya mitambo ya kusukuma flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshuka na kupanda, za ndege za 737 na 767. Mwaka huo huo McLaren, wale wa magari ya kifahari ya mbio, wakafungua kiwanda cha kusuka miili ya magari kwa nyuzi za kaboni. Na msidhani mambo haya yako mbali na sisi, Air Tanzania wanarusha 737 MAX, wana ile ya mizigo 767, na Dreamliner zao zinatumia injini za Rolls-Royce, hizo Trent 1000.

Sasa nisiwadanganye kuhusu ajira. Kiwanda kile cha Boeing kilianza na watu 52. Hamsini na wawili! McLaren walitangaza kama 200. Ukilinganisha na maelfu waliokuwa wanatoka kwenye geti moja la chuma zamani ni wachache, mashine sa hivi inafanya kazi ya watu wengi na anayebaki ni yule anayejua kuiongoza. Mzee aliyefukuzwa kazi 1981 hakurudishwa na kituo kilichoanza 2001, wengi wao walizeeka wakisubiri, na uzalishaji wa South Yorkshire kwa kila saa ya kazi bado uko chini ya wastani wa nchi. Anayewaambia teknolojia ya juu inarudisha zile ajira zote za zamani hawatakii mema. Inachorudisha ni kazi chache zenye mshahara mzuri, zinazovuta wasambazaji, mafundi wa matengenezo, madereva, wapishi, na zaidi ya yote zinampa kijana sababu ya kujifunza ufundi badala ya kukimbilia London.

Hapo kwenye kijana ndo napapenda kuliko kote. Pembeni ya kituo wamejenga chuo cha uanagenzi, mtoto anaajiriwa na karakana ya mtaani, analipwa mshahara, anakuja kujifunza kukereza, kuchomelea, kuprogramu mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, na akitaka anaendelea mpaka digrii bila kuacha kazi yake. Mtoto wa Rotherham ambaye babu yake alikuwa mgodini anaingia kwa mlango wa ufundi anatoka injinia, na hana deni la ada. Kwetu tunamwambia mtoto akifeli ndo aende ufundi, na mimi hilo linaniuma sana.

Nimalizie na Sheffield Forgemasters maana kuna mtu ataniuliza serikali inaingia wapi. Hawa wanatengeneza vipande vikubwa mno, vya nyambizi na vya mitambo ya nyuklia. Mwaka 2010 walikuwa wameahidiwa mkopo wa serikali wa pauni milioni 80 wanunue mashine ya kukandamiza chuma kwa nguvu ya tani 15,000, serikali ikabadilika, mpya ikafuta mkopo, mashine haikununuliwa. Mwaka 2021 serikali ile ile ya Uingereza, kupitia wizara ya ulinzi, ikainunua kampuni yote, kwa sababu ilishaonekana ikifa hakuna mwingine ndani ya nchi wa kufanya kazi zile. Miaka 11 imepita hapo katikati. Na mwanzoni mwa 2024 Forgemasters wakaunganisha mwili wa mfano wa mtambo mdogo wa nyuklia, kipenyo mita 3, kuta unene wa milimita 200, kwa mwale wa elektroni, wakapiga maungio manne ndani ya saa zisizofika 24, kazi ambayo kwa uchomeleaji wa kawaida ingechukua kama mwaka mzima.

Haya, karibuni maswali, tuanze na yule dada wa pale pembeni.