Kabla Hujachora Njia, Uliza Ardhi Ni ya Nani: Mazungumzo Kuhusu Njia za Baiskeli Kwenye Hifadhi ya Reli na Mkuza wa Umeme

Wazee shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka kazini moja kwa moja. Kazi yangu ni mipango miji huku Virginia, Marekani, na nimeombwa niongelee hizi njia za kutembea na baiskeli zinazopita kwenye hifadhi ya reli na mkuza wa umeme, yani ule ukanda wa ardhi unaoachwa wazi kando ya reli na chini ya laini kubwa za umeme. Kitu kimoja tu ndo nataka mkishike leo: ule ukanda mnaouona kama majani matupu una wenyewe, tena wengi, na ukianza kuchora ramani kabla hujajua nani ana haki gani, mradi utakufia mkononi.

Sisi tuliokulia Dar tunaijua hii habari kwa miguu. Pale Buguruni reli ndo njia, unakanyaga mataruma kwenda sokoni, ukisikia honi unaruka pembeni. Watu wanaifuata reli kwa sababu treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga walishakutafutia mteremko mpole toka zamani, na pale ambapo treni ilipita vizuri mzee mwenye fimbo, mama mwenye kitoroli cha mtoto na mtu wa wiltchea nao watapita vizuri. Ndo maana mimi naupenda huu ukanda kuliko ardhi nyingine yoyote mjini.

Sasa njooni kwenye ile njia ambayo wengi wenu mnaitumia, ya W&OD hapa kaskazini mwa Virginia. Reli yenyewe, Washington and Old Dominion, ilifungwa 1968, na sehemu kubwa ya hifadhi yake ikanunuliwa na kampuni ya umeme maana walitaka pa kupitishia laini zao. Upana ni futi 100, kama mita 30 hivi. Kipande cha kwanza cha njia kilifunguliwa mji wa Falls Church 1974, kifupi tu, kama maili moja na nusu, halafu mamlaka ya mabustani ya kanda ikawa inanunua ile ardhi kipande kwa kipande kuanzia 1978 hadi 1982 huku kampuni ikibaki na haki yake ya laini, na lami ikafika mji wa Purcellville 1988. Maili 45. Hesabuni wenyewe, toka treni ya mwisho mpaka lami kukamilika ni miaka 20! Mtu akikwambia njia ya namna hii inaisha ndani ya awamu moja ya uchaguzi, mwambie akuonyeshe hati kwanza.

Na haki ya laini sio maneno ya kwenye karatasi tu. Mwezi wa saba pita pale chini ya zile nguzo saa nane mchana, jua linakuchoma utosini na hakuna mti wa maana, kwa sababu mti mrefu chini ya msongo mkubwa wa umeme ni hatari, ukikaribia waya unaweza kuzima mji mzima, kwa hiyo lazima wafyeke. Watu wanakasirika wakiona miti imelala chini na mimi nawaelewa kabisa, inauma. Lakini ndo bei ya ule ukanda. Kinachowezekana ni vichaka vifupi katikati na miti mikubwa kule mwishoni mwa zile futi 100, na maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani yanahitajika, ila hayo yote yaandikwe kwenye makubaliano mapema, usisubiri mpaka mashine za kukata zimeshafika.

Chini ya ardhi ndo kuna mambo zaidi. Mmeshaona rangi zimepulizwa kwenye majani na lami? Nyekundu ni umeme, njano gesi, chungwa simu na faiba, bluu maji ya kunywa, kijani maji taka. Kabla ya kuchimba unapiga simu namba 811, wenye mabomba na nyaya wanakuja kuweka alama. Kuna mradi niliufanyia kazi, tulipanga nguzo za taa kwa mstari mmoja umenyooka, mzuri kweli kwenye karatasi, siku ya alama tukaenda tukakuta mstari wa njano unatembea na mstari wetu hatua kwa hatua, yani bomba la gesi liko palepale tulipotaka kuchimba mashimo. Michoro tuliyopewa ilikuwa inalionyesha upande wa pili! Nilisimama pale na karatasi yangu nikaona miezi minne inayeyuka, na toka siku hiyo sichori kitu kabla ya rangi.

Kama treni bado inatembea, hapo upana ndo kila kitu. Behewa la huku lina upana wa karibu futi 11 wakati reli na reli ni kama futi 4 na inchi 8, kwa hiyo tumbo la treni linatoka nje ya reli karibu futi 3 kila upande, halafu njia yenyewe inataka angalau futi 10, na weka uzio, na mtaro, na sehemu ya gari la mafundi. Lakini inawezekana. Kule Maryland, kati ya Cumberland na Frostburg, njia ya Great Allegheny Passage inaenda sambamba na treni ya watalii mpaka ndani ya handaki la Brush, futi 914, treni na baiskeli handaki moja.

Sheria nayo msiisahau. Toka 1983 reli ya huku ikiachwa inaweza kuwekwa akiba kama njia ya watu, na siku treni ikihitajika inarudi. Ila 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Brandt ya kule Wyoming kwamba kwenye baadhi ya reli za zamani kampuni ilikuwa na haki ya kupita tu, ilipoacha haki ikafa na ardhi ikabaki ya mwenye shamba. Ndo maana nawachosha na hati.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale stesheni ya zamani ya Vienna, ya hapa hapa Virginia, anayetaka aje tutembee nimwonyeshe rangi na nguzo kwa macho yake. Wazee, njia ni tambarare, karibuni. Maswali?