Plasta Imeisha, Mkono Bado Unapapasa Mfuko

(Mazungumzo na madereva na wakazi wengine, Kihesa, Iringa. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Kamwene! Naona mmeitikia vizuri, hasa nyie wa nyuma wenye makoti mawili mawili.

Niliombwa nizungumzie kuacha sigara, nikakataa. Hilo mmeshaambiwa mpaka mmechoka. Nitazungumzia jambo ambalo watu huniuliza wakiwa wamenivuta pembeni. Mtu amebandika ngozini plasta za nikotini, zile zinazompa mwili kidogokidogo kilevi cha sigara ili aache kuvuta, wiki 10, amefuata maelekezo yote, amebandua ya mwisho, halafu siku ya pili anajiona kama aliyeacha sigara jana. Anauliza: sasa zile plasta zilikuwa za nini?

Mimi ni mfamasia, na nilivuta miaka 19, kwa hiyo nina dhambi za pande zote mbili.

Plasta zile za saa 24 zina ngazi tatu: miligramu 21, 14 na 7. Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, utaratibu wa kawaida ni wiki 6 za kubwa, wiki 2 za kati, wiki 2 za ndogo. Tupige hesabu ya dukani. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu 1 ya nikotini, pengine 2. Kwa hiyo hata ile ndogo kabisa, ambayo watu huiona kama ya kujifariji tu, ni sawa na sigara nne mpaka saba. Ukiibandua umeziacha hizo, na mwili una haki ya kunung'unika. Aliyeruka kutoka 21 moja kwa moja kwa sababu hela iliisha, huyo ameshuka mlima Kitonga bila gia. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi. Siku unayobandua hujisikii kitu. Ngozi iliyokuwa chini ya plasta inabaki na akiba, inaidondosha damuni kwa saa kadhaa. Mtu anatamba, "Mbona rahisi!" Arosto, yaani mwili kuidai nikotini yake, inamkuta kesho yake asubuhi, ameshika mswaki.

Vijana wanaiita arosto, nami nitaiita hivyohivyo. Hasira za karibu, usingizi wa kukatikakatika, njaa, akili haitulii kwenye jambo moja, moyo mzito. Wengine hufunga choo, hilo halitajwi hadharani lakini papai na maji vinasaidia. Kwa aliyeshuka ngazi zote huwa nyepesi kuliko ile ya mtu anayeacha ghafla. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na kati ya wiki ya pili na ya nne inalegea. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi vya nikotini, kama mwenye nyumba aliyeongeza viti kwa kuwa wageni hawakomi. Wageni wakikoma, viti haviondoki siku ileile.

Kwangu mimi, siku ya tatu mama watoto aliniuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Nilimjibu kwa sauti ya kumfokea mwizi. Ufunguo nilikuwa nimeushika mkononi. Alinitazama tu, akaingia jikoni. Jioni nikamwambia: "Mama, wiki mbili hizi nikifoka usinijibu, nitakuomba radhi kabla ya kulala." Akasema, "Uniombe radhi na kuni upasue." Nilipasua kuni nyingi mwezi ule. Sijui ni shoka au ni radhi, lakini kati ya yote niliyosoma chuoni hakuna lililonisaidia kama hilo. Waambieni watu wa nyumbani mapema. Wasipojua watadhani mmewachoka.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa. Siku ya 16 nilisafiri kwenda Dar. Basi likashuka Kitonga, breki zinanuka, likasimama Ruaha Mbuyuni. Mnapajua: vitunguu vimening'inizwa kwenye nyavu, vijana wanakimbilia madirishani. Nikashuka kunyoosha miguu. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Haukuniomba ruhusa. Ukapapasa, ukatoka na kalamu. Nikabaki nimeishika kwa vidole viwili, hivi, katikati ya watu. Kijana mmoja mwenye sinia la karanga, na sigara za rejareja pembeni, akanisogelea: "Mzee, kiberiti?" Alikuwa ameviona vidole.

Nikajiuliza kifamasia. Nusu ya nikotini hutoka kwenye damu kwa saa mbili hivi, na nusu ya iliyobaki kwa mbili nyingine. Siku 16! Damuni hamna hata ya kulambia. Ni nani basi aliyeutuma mkono? Ni Ruaha Mbuyuni. Miaka 19, kila basi liliposimama pale niliwasha. Katika zile wiki 10 za plasta sikusafiri hata mara moja. Damu ilikuwa imelishwa na kuachishwa taratibu kama mtoto, lakini Ruaha Mbuyuni haikuwahi kubandikwa plasta.

Kwa hiyo zipo arosto mbili, na wengi wanazichanganya. Ya damu inaisha na siku zake. Ya mahali inakusubiri palepale ulipoiacha: chai ya saa nne, foleni ya mizani, simu ya bosi, kumaliza kula. Mtu inamkuta mwezi wa pili, anashtuka, anasema plasta hazikufanya kazi, anawasha. Plasta zilifanya kazi yake.

Siku ile nilinunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Nilimkazania muuzaji bei, naye akanikazania, na tulipoelewana dereva alikuwa anapiga honi na hamu imeshapita. Hamu moja haidumu, ni dakika chache. Tafuta jambo la mikono na mdomo la dakika hizo. Safari ya kurudi mkono haukwenda mfukoni, ulisitasita tu.

Mtaniambia baridi. Dereva wa lori la mbao wa Mafinga aliniambia, "Daktari, Juni bila fegi vidole vinaganda." Kwanza mimi si daktari. Pili, nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya vidole inapoa zaidi. Kinachokupa joto pale ni kile kiberiti. Nunua glavu.

Mwenye arosto ya damu iliyomzidi, kazi haifanyiki, arudi ngazi moja ya plasta kwa muda, akiongozwa na mfamasia au daktari. Si aibu hiyo. Asikate plasta kwa mkasi kubana matumizi kama pakiti inakataza. Iliyotumika ikunjwe, gundi ndani, itupwe mbali na watoto, maana bado ina nikotini. Na moyo ukibaki mzito zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali, usiusingizie sigara.

Maswali. Ndiyo, mzee wangu.

(Sauti: Mimi niliacha plasta, sasa natumia ugoro kidogo tu asubuhi.)

Shikamoo mzee. Ugoro ni tumbaku, na nikotini imo tele. Hujaacha, mzee wangu, umehamisha kutoka mdomoni kwenda puani. (Kicheko.) Tukimaliza hapa tuonane, si kwa ubaya.

(Sauti: Na unene? Nimeongezeka.)

Wengi huongezeka kilo nne, tano hivi mwaka wa kwanza. Mimi niliongezeka sita. Shati hili ni jipya.

(Sauti: Ulanzi je?)

Pombe yetu ya mianzi, nilijua itakuja. Mimi mwaka wa kwanza sikwenda kilabuni msimu mzima. Pombe ikiingia, ile ahadi uliyompa mama watoto inayeyuka, na mwenzako wa pembeni anawasha. Mwaka wa pili nilikwenda, nikakaa upande ule upepo unakotoka, si moshi unakoelekea, nikanywa lita moja na kuondoka nikiwa bado najua jina langu. Haya, yule mama mwenye kitenge cha njano, nimekuona tangu mwanzo.