Maneno Matatu ya Mwisho katika Sala ya Mapendo

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Sala ya Mapendo tunaijua kwa moyo: "Nampenda na jirani yangu, kama nafsi yangu, kwa ajili yako." Leo naomba tukae na maneno yale matatu ya mwisho, kwa ajili yako. Jirani hapendwi kwa sababu anapendeza. Anapendwa kwa ajili ya Mungu, hata pale moyo unapomkataa.

Katika Mathayo 22 mwalimu wa sheria aliuliza amri moja iliyo kuu, akapewa mbili. Ya kwanza imo katika Kumbukumbu la Torati 6:5, ya pili katika Mambo ya Walawi 19:18. Someni sura hiyo ya 19 kwa utulivu. Kabla ya kufika kwenye upendo, inakataza kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi, kuzunguka ukichongea watu, kumchukia ndugu moyoni, kulipiza kisasi na kuweka kinyongo. Kumbe amri hii imewekwa katikati ya ujira, ulimi na ugomvi. Tuitafute hukohuko.

La ujira ni fupi. Kitubio huondoa dhambi, lakini hakifuti deni. Aliyechukua mali ya mtu airudishe. Mwenyewe akiwa amefariki, wapewe warithi. Asipojulikana kabisa, wapewe maskini. Halazimiki kujitangaza: anaweza kuirudisha kwa siri, mradi ifike.

La ulimi ni zito zaidi, kwa sababu wengi huliungama kwa neno moja, "nimesengenya", wakaishia hapo. Katekisimu, namba 2477, inatenganisha makosa matatu. Hukumu ya haraka ni kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha. Masengenyo ni kufichua kosa la kweli la mtu, bila sababu ya haki, kwa wasiolijua. Masingizio ni kusema uongo unaomharibia jina. Tofauti hii ina maana kubwa tunapofika kwenye malipizi. Aliyesingizia arudi kwa walewale waliomsikia, aseme wazi: "Nililosema si kweli." Aliyesengenya hawezi kusema hivyo, maana atakuwa anaongeza uongo juu ya kosa la kwanza. Yeye aache kulirudia, awaombe waliosikia wasilisambaze, na aseme mema ya kweli anayoyajua juu ya mtu huyo. Na kama mwenyewe hajui kwamba alisemwa, usikimbilie kumsimulia. Mara nyingi unamjeruhi upya ili wewe upate kupumua. Mwulize kwanza muungamishi wako.

Sasa ugomvi. Bwana anasema, ukiwa unatoa sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24). Angalieni vizuri: ndugu ndiye mwenye neno juu yako. Hatuambiwi tungoje mpaka yeye aliyekosewa atulie. Ukienda, nenda mwenyewe. Taja kosa kwa jina lake: "Nilikudharau mbele ya watoto wako." Usiseme "kama nimekukosea", kwa kuwa neno "kama" linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Usianze na utetezi, wala usidai msamaha papo hapo. Akikukatalia, endelea kumwombea kwa jina kila siku, mlango wako ukibaki wazi.

Pale wewe ndiwe uliyekosewa, utaratibu upo katika Mathayo 18: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, ndipo Kanisa. Kinachotuharibia ni kuanzia mwisho. Habari hufika kwenye jumuiya nzima kabla mhusika hajaambiwa chochote, naye akishaaibika hasikii tena.

Wapo wanaosema kwamba kuwahudumia watu kunawatosha badala ya sala. Hapana. Amri kumi zina tatu zinazomhusu Mungu mwenyewe, na saba zinazomhusu jirani. Anayeacha Misa ya Dominika na sala ya kila siku, huduma yake polepole huanza kudai shukrani, na asiposhukuriwa huchoka. Chemchemi imekauka. Kinyume chake nacho kina hukumu yake katika 1 Yohane 4:20: asiyempenda ndugu aliyemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona.

Jambo moja huwaumiza wengi kimya kimya, nami sipendi mwondoke bila kulisikia. Kusamehe ni tendo la utashi. Maumivu yanaweza kubaki muda mrefu, na kubaki kwake si dhambi. Vilevile kusamehe hakumlazimishi mtu kurudi chini ya mkono unaompiga. Anayepigwa nyumbani anaweza kuondoka kwenda mahali pa usalama, akatoa taarifa kwa vyombo vya sheria, akatunza vyeti vya hospitali kwa ajili ya ushahidi, na jioni hiyohiyo akasali Baba Yetu kwa moyo safi. Anayemwambia avumilie tu kwa jina la upendo anamwacha hatarini, na anamwacha mpigaji aendelee kutenda dhambi.