Upinde, kulungu na msitu wa umma: majibu yangu kwa baba mkubwa

Assalaam aleikum ndugu watazamaji, na wazee wangu mlioko Pangani na kwingineko, shikamooni. Mnaniona nimeketi ndani ya gari, taa ya dari imewaka, na nje ni giza totoro. Hapa ni saa kumi na nusu alfajiri, wiki ya pili ya mwezi wa Novemba, na nimeegesha pembezoni mwa Msitu wa Taifa wa Wayne, kusini mashariki mwa jimbo la Ohio. Nina dakika ishirini hivi kabla ya kuanza kutembea, nami nimeona nizitumie kumjibu baba mkubwa, ambaye alipoiona ile video fupi niliyokaa juu ya mti na upinde mapajani, alinipigia simu na kuniuliza maswali matatu kwa mkupuo: msitu huo ni wa nani, ni nani aliyeniruhusu kuua mnyama wa watu, na je, nyama yenyewe inalika kwa Muislamu?

Msitu, baba mkubwa, ni wa umma. Una zaidi ya ekari 240,000, na mtu yeyote, hata mpangaji kama mimi asiyemiliki hapa Marekani hata kipande cha ardhi cha kuotesha mchicha, anaruhusiwa kuingia bila kumbembeleza mwenye shamba. Mnyama naye ana utaratibu wake. Ardhi inasimamiwa na serikali kuu, lakini kulungu yuko chini ya jimbo, na ndiyo maana leseni yangu na kibali cha kulungu vimetolewa na jimbo la Ohio. Kabla ya hapo nilisoma kozi ya usalama wa uwindaji na kufaulu mtihani wake. Kwa kuwa nimekwisha kuishi Ohio zaidi ya miezi sita, nililipa kiwango cha mkaazi, na karatasi zote mbili hazikufika dola 60. Kwa karatasi hizo siruhusiwi kupiga zaidi ya dume mmoja mwenye pembe kwa msimu mzima, hata nikizunguka jimbo zima.

Jambo moja humponza mgeni. Msitu huu haukukatwa kama kitambaa kizima, bali ni viraka vilivyochanganyika na mashamba ya watu binafsi, na ukivuka mpaka kwenda kuwinda upande wa pili bila idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, umevunja sheria. Kwa hiyo simu yangu ina ramani inayoonyesha mipaka, na huitazama mara nyingi kuliko ninavyotazama ujumbe wa WhatsApp.

Huenda mtu akasema kwamba nchi yenye watu wengi hivi wenye silaha itamaliza wanyama wake. Ilikwisha kuwamaliza. Kufikia mwaka 1904 hapakuwa na kulungu wa porini aliyesalia Ohio, kwa sababu misitu ilikatwa na nyama iliwindwa kwa ajili ya soko bila kikomo. Leo wawindaji wa jimbo hili huvuna kulungu zaidi ya 200,000 kwa msimu, na bado wamebaki wengi wa kugongwa na magari barabarani. Kilichobadilika ni misimu, vibali na marufuku ya kuuza: nyama hii naweza kuila au kumpa jirani, lakini nikiiuza hata kilo moja nimekuwa mhalifu. Tena kuna sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na baadaye pinde na mishale vikaingizwa humo. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea mambo mengine, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania unapotajwa uwindaji wa kisheria, wengi wetu tunafikiria vitalu vya uwindaji na watalii wenye fedha nyingi. Ndiyo maana sikumlaumu baba mkubwa kwa kudhani kwamba mtoto wa ndugu yake amekuwa jangili.

Sasa tazameni upinde wenyewe. Nausogeza karibu na taa. Huu ni wa mtumba. Huku na huku kwenye ncha zake mnaona vigurudumu, ambavyo hufanya kazi kama kapi: ninapouvuta upote, yaani kamba ya upinde, mwanzoni mkono unabeba ratili 50, lakini ukifika mwisho uzito unapungua sana, kiasi kwamba naweza kushikilia nikisubiri mnyama ageuke. Sheria ya hapa inataka upinde usiopungua ratili 40. Mshale nao hauna sumu kama ile wanayotumia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kwa wanyama wakubwa. Mshale wangu unaua kwa kukata tu, na kwa sababu hiyo kigumba chake, yaani ncha ya chuma, lazima kiwe na upana usiopungua robo tatu ya inchi na makali ya wembe. Angalieni ninavyokitoa kwenye podo kwa vidole viwili tu, kwa kuwa kilishanichana kidole gumba mara moja na sitaki mara ya pili.

Huyu mnyama ninayemwita kulungu si kulungu wala mbawala wa kwetu. Ni jamaa mwingine kabisa, mwenye mkia mweupe kwa ndani, na pembe za dume hudondoka kila mwaka zikaota upya. Nimekosa jina bora, nanyi mnisamehe.

Kipindi chote cha kiangazi nilifanya mazoezi kila nilipotoka kazini, nikipiga mishale michache kwa uangalifu badala ya mingi kwa papara, na hatimaye nikajiwekea mpaka wa yadi 20. Vijana wa dukani walinicheka, kwa sababu upinde wa namna hii unaweza kufika mbali zaidi ya hapo. Lakini mshale wangu unaenda kiasi cha futi 270 kwa sekunde, ilhali sauti ya upote inaenda futi 1,100, maana yake kulungu anausikia upinde kabla mshale haujafika. Akishtuka hujikunja chini ili aruke, na mshale uliolengwa mapafuni unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unamjeruhi mahali pasipomuua. Shabaha ya ubao haijikunji, na hilo ndilo linalomdanganya anayeanza.

Msimu wangu wa kwanza sikurudi na kitu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye ardhi ya umma watu wengi hawaendi mbali na barabara, kwa hiyo nikaona ujanja ni kutembea mpaka miguu iume, nikabeba dungu langu mgongoni maili mbili, kupanda kilima na kuteremka, nikafika nimelowa jasho. Nasema dungu kwa sababu sioni neno lingine linalolifaa: ni kiti cha chuma kinachofungwa mtini, nacho hakina tofauti kubwa na lile dungu tulilokaa utotoni kuwinga ndege kwenye mpunga, isipokuwa hapa nimejifunga mshipi wa usalama kuanzia mguu unapoiacha ardhi, maana wawindaji wengi wanaoumia huumizwa na kuanguka. Asubuhi hiyo jike mmoja alikuja kutoka nyuma yangu, akasimama, akapiga mguu chini mara mbili, kisha akatoa sauti kama chafya kubwa na kuinua mkia mweupe. Upepo ulikuwa umechukua jasho langu na kumpelekea mkononi. Nilimwona kwa sekunde nne hivi, na yeye, naamini, alikuwa ameshanijua kwa muda mrefu zaidi.

Tangu hapo natembea na kichupa hiki cha poda isiyo na harufu. Ninakiminya, poda inatoka kama moshi, nami naifuatilia kwa macho. Kwenye vilima kama hivi hewa ya baridi huteremka bondeni alfajiri kama maji yanavyoteremka, kisha jua likishapasha mteremko joto, hewa ileile hugeuka na kupanda. Mti uliokuwa mzuri saa moja unaweza kuwa mbaya saa nne. Nilipolielewa hilo niliacha kuuliza kulungu wako wapi na kuanza kuuliza harufu yangu itakwenda wapi.

Msimu wa pili, mwishoni mwa Oktoba, nilikuwa narudi garini nimechoka nilipokanyaga kitu kikalia chini ya kiatu. Yalikuwa matunda ya mwaloni mweupe, ambayo kulungu huyapenda kuliko ya mwaloni mwekundu kwa sababu hayana uchungu sana. Chini ya mti mmoja tu majani yalikuwa yamefukuliwa na kinyesi kilikuwa kibichi kinang'aa. Nikageuka kutazama nilikotoka, nikaiona rangi ya gari langu kati ya miti. Zilikuwa hatua 300, basi! Wikendi zote zile nilikuwa nawapita usingizini mwao nikielekea maili mbili.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mti ulio chini kidogo ya mwaloni huo, ili hewa ikiteremka ipeleke harufu yangu bondeni na siyo kwao. Saa mbili na nusu asubuhi walikuja majike wawili. Mkubwa alitangulia, akawa anaokota tunda moja moja na kulitafuna huku masikio yakizunguka, na kila alipoinamisha kichwa nilidhani sasa, kisha akainua tena. Goti langu la kushoto lilikuwa linatetemeka peke yake. Alikuwa ananielekea kifua, na kifua ni mahali pa kungoja, si pa kupiga. Nilingoja mpaka akapita na kunipa ubavu, mguu wa mbele ukiwa umetangulia, umbali wa yadi 16. Nikavuta, nikasema Bismillah, Allahu Akbar, nikaachia.

Hapa naingia kwenye swali la tatu. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa amenisomea mapema mafundisho ya Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, kwa sahaba wake Adiy bin Hatim kuhusu windo: ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, na silaha ikachoma, kula, ikimpiga kwa ubapa ikamuua kwa kishindo, usile, na ukimkuta amefia majini, usile, kwa kuwa hujui kama aliuawa na mshale wako au na maji. Ukimwahi akiwa hai, unamchinja. Kwa hiyo nilikuwa na kisu kikali, nilikuwa nimeshataja jina la Mola, na nilikuwa na hofu moja: chini bondeni kuna kijito.

Hata hivyo sikushuka kumfuata. Kulungu aliyepigwa akifukuzwa hukimbia mbali asipatikane, na damu ndiyo inayokuambia ungoje kiasi gani. Mshale ulikuwa umempenya, ukatokea upande wa pili na kuchoma ardhini. Kwa darubini niliuona una damu ya waridi yenye mapovu, ambayo ni ya mapafu, nayo huhitaji kungoja nusu saa. Ingekuwa nyekundu iliyokoza, hilo ni ini, na ningengoja saa tatu au nne. Ingekuwa na ukijani na harufu ya tumbo, ningeondoka kimya nikarudi baada ya saa nane au zaidi, na niwaeleze ukweli, sijui kama ningekuwa na moyo wa kuketi muda wote huo. Nusu saa yenyewe ilinishinda; nilitazama saa ya mkononi mara kumi na tisa, nilizihesabu.

Nilimfuata tone kwa tone, jani kwa jani, nikiacha kipande cha karatasi kwenye kila alama ili nisipoteze mstari. Baada ya hatua sabini nilimkuta amelala ubavu, amekwisha kufa, kijito kikiwa hatua kumi na tano mbele yake. Nilikaa chini kwanza. Kisha nikajaza kadi yenye jina langu, tarehe, saa na wilaya, nikaifunga kwenye sikio kabla ya kumsogeza popote, kama sheria inavyodai, na baadaye nikamsajili kwa simu nikapewa namba ya uthibitisho. Kumtoa matumbo kulinichukua saa nzima, kwa kuwa nilikuwa nasoma maelekezo kwa mkono mmoja uliobaki msafi. Kumburuta hatua mia mbili na kitu mpaka garini kuliniuma mgongo siku tatu, na hapo ndipo niliposhukuru kwamba hakuwa wa maili mbili.

Nyama haina mafuta, kwa hiyo mama watoto aliloweka ya mishkaki kwa maziwa mala, tangawizi na papai, na paja akalipikia pilau. Jirani yetu Mkongo alipelekewa bega.

Wiki mbili na kitu zijazo, Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, itaanza wiki ya bunduki, na mimi hukaa nyumbani wiki hiyo. Leo madume wako mbioni kutafuta majike, upepo unatoka magharibi, na nina mti kichwani ambao…

Subirini. Mnaona mwanga huo kwenye kioo cha nyuma? Gari jingine limeingia. Nazima kamera niende kumsalimu na kumuuliza anaelekea upande gani, maana msitu ni wetu sote, na kama ameshauchagua mti ule itabidi mimi nishike njia ya kushoto.