Pikipiki Kuukuu Inayosita: Tuanzie Wapi?

Ndugu mafundi wa Malindi, nanyi waendeshaji wa bodaboda mlioacha abiria stejini mkaja kusikiliza, nawashukuru. Nitazungumzia hitilafu moja tu: pikipiki kuukuu yenye kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambayo hunguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ukivuta mafuta husita na kukohoa kabla ya kuondoka. Wengi hukimbilia kununua kabureta mpya. Rai yangu ni kwamba, kabla ya kushika spana, tujue husita mkono wa mafuta ukiwa umefika wapi.

Kabureta haina njia moja ya petroli. Kuanzia mngurumo wa chini hadi kama robo ya mvuto, petroli hupita zaidi katika jeti ndogo, yaani kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli. Kutoka hapo hadi robo tatu hutawaliwa na sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Na ukivuta hadi mwisho, kazi huwa ya jeti kubwa. Basi bandika utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta, uutie alama za robo kwa kalamu, kisha uendeshe ukiangalia ni alama ipi inayoleta kusita.

Mara nyingi ni ile robo ya kwanza. Ukivuta ghafla, hewa, kwa kuwa ni nyepesi, hutangulia kuingia na petroli ikachelewa kidogo. Na jeti ndogo, ambayo tundu lake aghalabu halifiki nusu milimita, ikiwa imezibwa na utando wa petroli iliyolala, ucheleweshaji huo hurefuka hadi injini ikakaribia kuzima. Vuta nusu chok, ile inayopunguza hewa ili petroli izidi. Hali ikiwa nafuu, ama petroli ni haba, ama hewa inapenya kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini; mwagia mpira huo maji kidogo injini ikinguruma, na mlio ukibadilika, ufa uko hapo. Jeti isichokonolewe kwa waya wa chuma, kwani tundu litapanuka. Ipulizwe kwa kompresa. Na huu mtindo wa kung'oa kichujio cha hewa eti pikipiki "ivute" siuafiki hata kidogo: vumbi huila silinda, na hewa huzidi petroli.

Upande wa moto, yaani umeme unaowasha petroli, msidanganyike na cheche mnayoiona plagi ikiwa mkononi, kwa sababu ndani ya silinda hewa iliyobanwa hudai umeme wenye nguvu zaidi, hasa pikipiki ikipakia mzigo. Hapa pwani chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye viungio vya koili, inayoipa plagi umeme. Visuguliwe hadi ving'ae, na nafasi kati ya ncha za plagi ya Honda CG125 iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Ama pikipiki inayotoka mjini salama ikaanza kusita baada ya kilomita kadhaa, karibu na Mambrui, fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio na injini ikapata nguvu tena, tundu la kifuniko limeziba: lizibueni, kabureta muiache ilivyo.