Nani Athibitishe Ubovu?

Wazee wetu, ndugu zangu wa Arua, na nyinyi wenye maduka mliofunga mapema mkaja, asanteni.

Chukueni kadi ya waranti ya betri ya sola. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: mwaka mmoja. Igeuzeni. Betri ikifunguliwa na fundi mwingine, waranti imekufa. Risiti ikipotea, imekufa. Mzigo urudishwe Kampala, nauli juu ya mnunuzi. Kutoka hapa ni karibu kilomita 500. Mama aliyenunua betri ya kuwashia taa mbili na kuchajia watu simu atafanyaje? Ataiweka pembeni, akope, anunue nyingine.

Sheria tunayo hapa Uganda, ile ya mwaka 2017 ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma, iliyochukua nafasi ya ile ya enzi za mkoloni. Inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa na ifanye kazi ambayo ilinunuliwa kuifanya. Yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" ni kauli ya mwenye duka, si ya Bunge.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Betri ikifa mwezi wa tatu, mnunuzi ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwamo tangu dukani. Ataonyeshaje, naye hana kipimo wala mtaalamu? Muuzaji anasema tu "umeitumia vibaya", basi, yamekwisha. Hapo ndipo nataka sheria iguswe kwanza: kitu kikiharibika ndani ya miezi sita, kihesabiwe kuwa kiliuzwa kibovu, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo.

Afrika Kusini, kwa sheria yao ya 2008, mnunuzi anayo miezi sita ya kurudisha kitu kibovu kwa gharama ya muuzaji. Mnunuzi ndiye anayechagua: kitengenezwe, abadilishiwe, au arudishiwe pesa.

Wenye maduka, nawasikia mkiguna. Kweli, si haki mbebe peke yenu hasara ya kiwanda. Lakini aliyewauzia mnamjua, namba yake mnayo. Mama yule hana. Kwa hiyo sheria hiyohiyo iwape nanyi haki ya kumdai mwagizaji.

Kwa sasa iko njia ya madai madogo mahakamani, iliyowekwa mwaka 2011, kwa dai lisilozidi shilingi milioni 10, bila wakili. Siku mnaponunua, pigeni picha kadi pande zote mbili, na risiti pia, maana wino wa zile za mashine hufutika kabla waranti haijaisha.